Tezi Iliyofichwa Kwenye Koromeo: Kisa cha Mbwa wa Ghala la Korosho, Mtwara

Mbwa mwenyewe anaitwa Simba, kama nusu ya mbwa wa ulinzi wa mjini. Dume, miaka mitano, baba German Shepherd, mama wa kienyeji. Kazi yake ni uwanja wa ghala la korosho pembezoni mwa Manispaa ya Mtwara Mikindani: mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa. Julai alipochanjwa kichaa cha mbwa aliwekwa kwenye mizani, akawa na kilo 28. Katikati ya Novemba, minada ya korosho ikiwa imepamba moto, mizani hiyohiyo ilisoma 23.4, na wakati huo alikuwa anakula kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Waliomleta walikuwa na maelezo manne. Anakonda huku sinia analilamba mpaka linang'aa. Anahema ulimi nje hata saa kumi alfajiri, tena akiwa amelala. Maji hayamtoshi: walipoombwa wayapime kwa chupa ya lita badala ya kukisia, jibu lilikuja lita 3.6 kwa siku. Mbwa akipita mililita 100 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ana jambo. Huyu alikuwa kwenye 154. La nne ndilo lililowatia hofu: usiku mmoja alimgeukia mlinzi aliyemlea tangu hajafumbua macho, jino likamkwaruza kiganja.

Mtaa ulishatoa hukumu. Mbwa amebadilika tabia, amemng'ata anayemlisha, basi ni kichaa, apigwe rungu afukiwe. Hofu hiyo si ya kipuuzi, kichaa cha mbwa kipo kusini na kinaua. Kwa upande wa mlinzi hakukuwa na mjadala: kidonda kilioshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, akaenda hospitali kuanza chanjo siku hiyohiyo. Hilo halingoji mbwa achunguzwe, wala haliahirishwi kwa sababu mbwa ana kadi ya chanjo. Simba yeye akafungiwa kwa siku 10 za uangalizi. Mbwa ambaye mate yake yameshaanza kutoa virusi vya kichaa hamalizi siku hizo akiwa mzima. Na zaidi ya hapo, mabadiliko yake yalianza mwisho wa Septemba. Kichaa hakimpi mbwa wiki saba za kula na kukimbizana na paka.

Yakabaki magonjwa ambayo mtu yeyote wa mifugo wa huku angeyafikiria kwanza. Minyoo: kinyesi kilikuwa na mayai machache ya minyoo ya safura, akapewa dawa, akaendelea kukonda. Magonjwa ya kupe, na nagana ya mbung'o: damu ilipakwa kwenye kioo ikatazamwa kwa hadubini, haikuonekana kitu, na ufizi ulikuwa wa waridi, hauna upungufu wa damu. (Kazi hiyo ya hadubini haihitaji safari ndefu, kituo cha TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, kipo Mtwara.) Kisukari: sukari ya damu 5.2 kwa kipimo cha kidole, mkojo hauna sukari. Joto 39.2, juu kidogo lakini si homa. Kilichokataa kunyamaza ni moyo. Mbwa wa ukubwa wake akitulia hupiga kati ya 60 na 100 kwa dakika, na woga wa kliniki unaweza kumfikisha 140. Simba alilazwa chini dakika 20, mlinzi kamshika kichwa, akahesabiwa mara tatu. Ilikuwa 164.

Kisha akafunguliwa mdomo, na mdomo ule ungetosha kuwa somo peke yake. Magego ya kushoto yalikuwa meupe, ukoga hamna, ufizi umeshika vizuri. Mbwa wengi wa miaka mitano wa kula ugali hawana meno kama yale. Upande wa kulia, ugaga wa kahawia umejenga ukuta mpaka kwenye ufizi. Mbwa hawi na meno ya namna mbili bure. Ugaga ukijaa upande mmoja, maana yake upande huo hautafuni, na usipotafuna kuna kinachouma. Ulipokwanguliwa kwa ukucha wa chuma, sababu ikajitokeza: lile gego kubwa la juu, la kukatia, limebanduka ubavu mzima kama kigae, na katikati kuna kitone chekundu. Hicho ni kiini cha jino, kipo wazi.

Ndipo likaulizwa swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza.

"Anakula nini?"

"Ugali na nyama, dokta," akasema mwenye mbwa.

"Nyama gani?"

"Hizi nyama za mbwa."

Mlinzi akasogea. "Koromeo, dokta. Kila siku asubuhi koromeo moja zima, bichi, la ng'ombe. Jioni ugali wa dona na pafu. Na kwato ya kuchezea, hiyo hakosi."

Ukimuuliza tajiri utajua pesa inayotoka, ukimuuliza anayelisha utajua kinachoingia tumboni. Maelezo ya mlinzi yalikuwa na tarehe pia. Tangu mwanzo wa mwaka koromeo, yaani bomba la pumzi la ng'ombe, lilikuwa linatoka buchani, vipande vya upande wa mapafu tu, kwa sababu muuza bucha alikuwa anajichongea nyama ya juu ya koo. Katikati ya Septemba kijana mwingine akaanza kuleta moja kwa moja kutoka machinjioni, kwenye kiroba, koromeo zima kutoka juu mpaka chini. Bei ikashuka, mzigo ukaongezeka, kila mtu akafurahi. Wiki mbili baadaye Simba akaanza kuhema usiku.

Tofauti ya vipande vile viwili ni tezi. Tezi dundumio, ile inayovimba mtu akaitwa mwenye rovu, kwa ng'ombe imekaa pande mbili za bomba la pumzi, chini tu ya zoloto, yaani kifundo cha koo, kwenye pingili za mwanzo. Ni mabonge mawili bapa, mekundu ya kuiva kuelekea kahawia, yameunganishwa na utepe wa tezi hiyohiyo unaopita mbele ya bomba. Asiyeijua huiona ni nyama tu iliyogandia. Namna ya kuchinja kwetu inaongeza jambo: kisu hupita chini ya kifundo cha koo, kifundo kikabaki upande wa kichwa. Tezi ipo hapohapo kwenye njia ya kisu au chini yake, kwa hiyo mara nyingi hubaki upande wa mwili, na mchunaji anapovuta koromeo pamoja na mapafu na moyo, inakuja nayo.

Tezi haitengenezi homoni ikaiachia papo hapo, huweka akiba ya wiki kadhaa. Ng'ombe mwenye akiba hiyo ana kilo mia mbili na zaidi. Simba alikuwa anaimeza yote kwa asubuhi moja, na kesho yake anaanza nyingine. Kwa kulinganisha, mbwa mwenye upungufu wa homoni hii hutibiwa kwa takriban mikrogramu 20 kwa kilo, asubuhi na jioni, na hapo daktari bado anafuatilia damu asizidishe. Homoni ikizidi, mwili unachoma chakula kuliko kinavyoingia: moyo mbio, joto, kiu, njaa, kukonda, usingizi hakuna, hasira karibu. Dalili za Simba zote zimo.

Hili si jambo la Mtwara peke yake, wala la mbwa peke yao. Mwaka 1984 na 1985 watu 121 huko Minnesota, South Dakota na Iowa nchini Marekani waliugua kwa kula nyama ya kusaga iliyochanganywa na nyama ya koo yenye tezi. Walikuwa wameipika. Ujerumani, mwaka 2012, ilitolewa taarifa ya mbwa 12 wenye homoni hii juu, wote wakiwa wanalishwa vyakula vibichi au koromeo, bichi au lililokaushwa. Sita walikuwa na dalili, sita hawakuonyesha chochote kwa nje. Kwa hiyo anayesema "wangu anakula miaka miwili na hana shida" hajapima, ametazama tu. Na anayetegemea sufuria au jua limsaidie, halimsaidii: kuchemsha kunaua vijidudu, homoni inabaki. Kukausha ndiyo kunazidisha ugumu, kwa sababu tezi ikishakauka juu ya bati hugeuka utando mweusi uliogandamana na pingili, hata mwenye jicho haioni.

Damu ikatolewa, mililita 3 kwenye kichupa kisicho na dawa ya kuzuia kuganda, seramu ikatenganishwa na kusafirishwa Dar es Salaam ndani ya boksi la barafu kwa basi. Majibu: T4, yaani homoni ya tezi hii, nanomoli 112 kwa lita. Hapa kuna mtego uliokaribia kuwanasa. Mashine ni ya maabara ya binadamu, na karatasi iliandika pembeni kiwango cha kawaida 66 hadi 181, kwa hiyo 112 ikatoka bila alama yoyote, shwari kabisa. Lakini mbwa mzima ana T4 ya chini kuliko mtu: takriban 13 hadi 51. Kwa mbwa, 112 ni mara mbili ya ukomo wa juu. Anayepeleka damu ya mbwa kwenye maabara ya watu asome namba, safu ya kawaida aipuuze, na aandike kwenye fomu kwamba ni mbwa hata kama inachekesha wapokeaji.

Bado lilibaki swali la haki. Mbwa anaweza kuwa na homoni hii juu kwa sababu yake mwenyewe, na kwa mbwa sababu hiyo karibu siku zote ni saratani ya tezi. Shingo ya Simba ilipapaswa kuanzia taya mpaka kifuani, hakukuwa na uvimbe. Picha za mionzi hazikuagizwa, kwa sababu kipimo bora kilikuwa cha bure: ondoa koromeo, subiri. T4 ya kwenye damu ya mbwa hupungua nusu ndani ya chini ya siku moja, hivyo ikiwa chanzo ni chakula itashuka yenyewe. Ikiwa ni saratani, haitajali umemlisha nini. Hakupewa dawa ya kuzuia tezi. Dawa hizo huzuia tezi ya mbwa isitengeneze homoni, na ya Simba ilikuwa imeshajizima yenyewe. Homoni ilikuwa inaingia kwa mdomo.

Siku ya tano mlinzi alisema usiku umetulia. Wiki ya pili maji yalishuka hadi lita 1.7, uzito 23.9. Wiki ya nne T4 ilikuwa 27, moyo 92, kilo 25.2.

Jino lilisubiri makusudi. Kumlaza mbwa kwa ganzi ya usingizi huku moyo unakwenda 164 ni kucheza kamari, na gego lile lina mizizi mitatu. Haling'olewi kwa kuvutwa kama la mtoto, hukatwa vipande vitatu kwanza kila kimoja kikatoka na mzizi wake. Mwezi huo mmoja alipewa chakula laini na dawa ya maumivu ya mbwa kwa kipimo cha uzito. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa la binadamu hazikuguswa, zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Wiki ya tano gego likatoka.

Lililovunja jino ni kwato, na kwato haina utetezi. Kanuni inayotosha ni ya ukucha: bonyeza kitu cha kutafuna kwa ukucha wako wa gumba, kisipoacha alama hata kidogo, ni kigumu kuliko jino la mbwa litakavyovumilia. Kwato inashindwa, mfupa wa mguu wa ng'ombe unashindwa, pembe inashindwa. Mfupa wa paja uliokatwa pete una balaa la ziada: mbwa huingiza taya ya chini kwenye tundu, pete ikanasa nyuma ya meno ya chonge, na kuitoa kunahitaji usingizi na msumeno. Mfupa uliochemshwa kwenye supu hupasuka vibanzi. Na mbwa anayekula mifupa mingi hupata kinyesi kama chokaa, cheupe, kikavu, hata akashindwa kujisaidia. Hao huja wakichuchumaa na kulia, na mwenye mbwa anadhani ni kuhara.

Koromeo lenyewe halistahili kufukuzwa pamoja na kwato. Ni gegedu, linabonyea kwa ukucha, halina mafuta mengi, na linamshughulisha mbwa wa bandani robo saa nzima ambayo angeitumia kutafuna mlango. Faida ya meno ilionekana wazi upande wa kushoto wa mdomo wa Simba. Wanaolisifia kwa kutibu viungo vya mbwa mzee wanakwenda mbele ya ushahidi. Kuwemo kwa viini vya gegedu si sawa na kuponya goti. Hapa kusini linapatikana kirahisi, hasa tangu wafugaji waliotoka bonde la Ihefu, mkoani Mbeya, walipohamia mkoa wa Lindi mwaka 2006 na 2007 na ng'ombe wakawa wengi kuliko zamani. Kinachotakiwa ni kisu kipite mahali sahihi.

Koromeo la ng'ombe liandaliwe likiwa bichi, kabla halijakauka wala kugandishwa. Lilaze mezani, tafuta mwisho wa juu: ndiko kwenye zoloto, au kwenye mkato wa kuchinjia wenye damu iliyoganda. Kutoka hapo pima upana wa kiganja na nusu, takriban sentimita 15, kata, tupa yote. Tezi haichukui nafasi hiyo yote, lakini mkato wa kuchinja hauko sawa kila siku na mchinjaji naye ana haraka. Baki na upande wa mapafu. Bandua umio na nyama zote zilizoshikana nje mpaka uone pingili nyeupe tupu kuzunguka bomba lote. Ukiona kipande bapa chekundu-kahawia chenye chembechembe, kisicho na nyuzi kama nyama, kimebaki. La mbuzi ni fupi na tezi zake ni ndefu kwa kadiri yake, hivyo tupa nusu nzima ya juu. Kilichokatwa kifukiwe, kisirushwe jalalani, kwani jalalani nako kuna mbwa.

Kwa mbwa wa kilo 25 hadi 30, kipande cha sentimita 20, mara tatu kwa wiki, kinatosha. Visiwe vipete vidogo: mbwa mwenye pupa humeza kipete kizima kikamkaba. Aangaliwe, na kikibaki kishikizo cha urefu wa kidole kichukuliwe. Vitu vya kutafuna kwa jumla visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku, la sivyo mbwa anashiba gegedu na kukosa lishe. Kwa joto la Mtwara, kibichi kisikae nje zaidi ya saa mbili. Friza haiui salmonela, inailaza tu, kwa hiyo kisu, ubao na sinia la mbwa viwe vyake peke yake, na anayelisha anawe kwa sabuni kabla hajashika kitu kingine. Nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa, lichemshwe dakika 20. Gegedu bado litatafunika.

Pafu la jioni nalo lilihojiwa. Mkaguzi wa nyama anapolikataa pafu au ini lenye vifuko vya maji, ni kwa sababu mbwa akila vifuko hivyo hupata tegu mdogo wa milimita chache, na mayai ya tegu huyo yakimfikia mtu kwa mikono au mboga humwotesha vifuko hivyohivyo kwenye ini. Kilichokataliwa kuna siku kinatoka kwa mlango wa nyuma kwa jina la "nyama ya mbwa". Pafu lililopita ukaguzi lichemshwe nusu saa kamili tangu maji yaanze kutokota, na mbwa anayekula matumbo apewe dawa ya tegu, prazikwantel, miligramu 5 kwa kilo kwa ratiba ya daktari. Kibudu kisiingie kabisa. Desturi ya kusema "sisi hatuli, wape mbwa" inasahau kuwa ng'ombe aliyekufa ghafla anaweza kuwa na kimeta, na kimeta huwapata kwanza walioshika kisu.

Wiki ya nane Simba alikuwa na kilo 27.3. Wiki ya kumi koromeo likarudishwa, la chini tu, na kijana wa machinjioni akapewa masharti: kila kipande kije na pafu limeshikana mwisho mmoja, ili anayepokea ajue upande bila kuuliza. Wiki ya 14 damu ilitumwa tena Dar es Salaam. T4 ikawa 31, na safari hii karatasi ya maabara ikaipigia mstari kuwa iko chini mno.